Majina ya Plasta

Mia tatu kwa simu ndogo, mia tano kwa ya kupangusa.
Kibanda changu kiko Newala, nyuma ya ghala la chama,
na kila simu naibandika plasta, naandika kwa kalamu:
Mchopa. Mama Siwema. Likanga mwalimu.
Yule wa salfa. Bi Somoe, usiizime.

Alhamisi ile, saa saba mchana,
rafu ilianza kutetemeka.
Kwanza moja, ikasogea kama mende mgonjwa,
kisha zote thelathini na moja zikagongana vichwa
hadi kikombe changu kikadondoka.
Nilidhani ni ardhi.
Kumbe ni gunia.

Gunia moja la korosho, video ya sekunde arobaini:
mizani ya ghala, kilo sabini na tatu;
mizani ya kuazima, uani, themanini na moja.
Hakuna aliyesema neno. Kidole tu kinaonyesha,
ukucha mweusi kwa mafuta ya ganda.

Kilo nane.
Kila mtu akazidisha kwa magunia yake,
kisha kwa miaka yake.
Bi Somoe, asiyejua kusoma, alihesabu kwa vidole
akafika kwenye ada ya mjukuu aliyerudishwa nyumbani,
akajifunga kanga ya pili kiunoni, akatoka.

Walikaa chini mbele ya lango.
Usiku wakawasha tochi za simu,
chaji yangu hiyo, nikajisemea,
na kutoka Kitangari, kutoka Mahuta, picha zikaja:
malango mengine, tochi nyingine.
Mwenyekiti, wiki tatu hapokei simu,
alitoka kwa miguu yake.

Kesho yake mtandao ukafa.
Vijana wakaenda ukingoni, mteremko unapoanzia,
pale simu hudaka mnara wa ng'ambo ya Ruvuma
na kukukaribisha Msumbiji bila pasi.
Habari zetu zikavuka mto, zikazunguka, zikaturudia
zimevaa nguo za watu,
na mojawapo ilibeba maiti.

Kijana kifudifudi, shati jekundu.
*Wamemuua. Ni yule wa kangomba, mwenye duka la kona.*
Sikuuliza nani kasema. Sikutazama udongo:
wa kwenye picha ulikuwa mweusi,
na wetu, mvua au jua, ni mwekundu.
Nilibonyeza. Makundi manne.
Kabla ya magharibi duka la Nandonde lilikuwa linafuka,
Nandonde muuza misumari na chumvi,
ambaye hajanunua korosho hata ya kutafuna.

Jumapili wakaja watatu, gari halina namba.
"Ilianzia simu ipi?"
Nilikuwa nimewaona tangu msikitini.
Plasta zote nilishazibandua, nikazifinyanga donge,
nikalizika kwenye unga wa muhogo.
Thelathini na moja, nyeusi, hazina baba.
"Za wateja," nikasema. "Wenyewe huzijua kwa nyufa."
Walizitia guniani, wakaondoka nazo.
Hawakuzipima.

Mizani ya ghala sasa ni mpya, ina lakiri.
Watu hunishika mkono. Mama Siwema, simu hana tena,
huniletea ming'oko na hataki hela.
Nandonde naye hupita. Hunisalimu vizuri.
Chumvi yake anaipanga juu ya turubai.

Simu yangu mimi haikuwahi kukaa kwenye rafu.
Ilikuwa kifuani, ina joto, haina jina.
Jana nimekata plasta, nimeandika herufi kubwa,
nimeibandika mgongoni mwake.
Leo nimemngoja hadi amefunga turubai,
nikampa, ujumbe ule uko wazi, saa na tarehe.

Hakuutazama ujumbe.
Aliigeuza simu,
akasoma plasta, polepole,
kama mtu anayesoma kilo.